Kizibao cha Mwatime

Mota kumi na mbili, ndogo kama kunde,
alizozitoa Shekue kwenye simu mbovu,
nilizishonea ndani ya bitana:
mbili mabegani, nne mbavuni,
zilizobaki zikafuata uti wa mgongo.
Betri nikaificha mfuko wa saa.
Miaka thelathini ya cherehani hapa Kuze
sijawahi kumpimia mtu sauti.

Sikio la kufa halisikii dawa,
walimwambia mamake, tangu homa ile.
Mgongo hawakuuliza.

Jana, arusini Guraya, akakivaa juu ya dera.
Fidla ikapanda; akajikuna shingo, akacheka.
Kisha dumbaki —
akashika meza, kama feri imegonga gati.

Waimbaji wakaenda kunywa kahawa.
Yeye akaniashiria: bado.
Bado nini? Kwangu ukumbi ulikuwa kimya.
Akanivuta mkono, akaubandika mgongoni:
jenereta ya nyuma ya jikoni
ilikuwa ikimpigia peke yake,
na mabega yalishaanza kuitikia.

Kizibao, na hakizibi kitu.

Kesho nitalegeza mshono wa kushoto.
Amesema, kwa vidole, besi inambana.