Gari Linalopiga Magoti

Nililinunua Februari, Kaunas ikiwa chini ya theluji chafu,
kwa bei ya piano moja mbovu.
Muuzaji alisema: lilipokuwa jipya
thamani yake ilitosha kununua nyumba.
Hakusema kwamba vipuri vyake
bado vinaikumbuka bei ile.

Milango miwili, mirefu kama ya kanisa.
Viti vya ngozi rangi ya asali.
Silinda kumi na mbili,
na mimi kazi yangu ni kutega sikio kwenye piano za watu,
kukaza uzi, kulegeza uzi, mpaka useme kweli.
Basi nilisikia, siku ileile, uwanjani kwa muuzaji:
sauti moja kati ya kumi na mbili ilikuwa inadanganya.
Nikajifanya kiziwi.

"Koili hazibadilishwi moja moja," alisema Rimvydas,
akijifuta oili kwa gazeti la juzi.
"Upande mzima kwa mkupuo. Na plagi ishirini na nne."
Nilidhani anatania.
Ishirini na nne. Tulizihesabu pamoja mezani
kama watu wanaogawana karanga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi niliziba ufa,
ukuta nikajenga vilevile,
kisha kompyuta ya gari ikawasha taa ya njano
kuniarifu kuwa haiutambui ukuta.

Danguolė ana daftari la bluu.
Kushoto huandika mkate, umeme, dawa za mama.
Kulia huandika: Yeye.
Yeye, bima. Yeye, giaboksi, oili lita tisa.
Yeye, kioo cha dirisha kilichotumbukia mlangoni
tukiwa kasi, mvua ikinyesha.
Hivyo ndivyo mwanamke amwandikavyo hawara wa mumewe,
bila jina, kwa mwandiko mzuri.

Na chumvi. Tangu Novemba wanaimwaga barabarani,
nayo hula chuma kama panya,
inang'ata huku inapuliza.
Nilipoinama kutazama, kidole kilipenya
mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na tundu.

Ila lililonivunja ni springi za hewa.
Jioni naliacha limesimama, limejaa heshima zake.
Asubuhi nalikuta limepiga magoti,
bega la kulia chini, gurudumu limemezwa.
Jirani, Bi Stasė, huchungulia dirishani na kuniambia:
"Leo limesali mapema."

Aprili akapatikana mnunuzi, kijana wa Šiauliai.
Nilimsomea maradhi yote kwenye simu,
moja baada ya jingine, sikuficha hata kutu.
Akasema atakuja Jumatatu na bahasha.

Jumapili mama alitaka kwenda Birštonas, kuuona mto.
Ana miaka themanini na minne, na nyonga ya chuma.
Gari la dada limekwenda juu kama jukwaa;
hulipanda kwa kusukumwa, na hulia kwa aibu.
Mimi nilifungua ule mlango mrefu.
Gari lilikuwa limepiga magoti tangu usiku.
Mama alikaa.
Hakushikwa mkono. Alikaa tu, kama mtu aliyefika kwake.

Nikazungusha ufunguo. Pampu ikakoroma,
na bega la kulia likaanza kupanda,
taratibu, likiwa na mama yangu juu yake,
mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili.
"Lilikuwa linanisubiri," alisema.
Nikataka kumweleza habari ya mfuko uliopasuka
na euro mia sita na arobaini.
Nikanyamaza. Kumi na mbili zote zilikuwa zinaimba,
au tuseme kumi na moja.

Jumatatu kijana alikuja na bahasha yake.
Nilimwonyesha kila kitu:
kutu, daftari, plagi za zamani kwenye kopo.
Ufunguo ndio nilisahau kumwonyesha.

Jioni Danguolė aliandika upande wa kulia:
Springi ya mbele, kulia. Ngoja kwanza.