Mwizi Umechomoza

Nakala mia mbili, zingali na joto la mashine.
Nimezipanga kiti cha nyuma kama watoto wa chekechea
nikazifunga mkanda. Ruwi, saa tano usiku, Agosti:
ukitoka mlangoni tu, miwani inapofuka.

Kurian, mchapaji wetu, hajui Kiswahili
ila "bado" na "kesho",
na yote mawili kayapata kwetu.

Toleo la saba. Humo ndani
Muzna, muuguzi wa zamu ya usiku kule Nizwa,
kaandika falaji inayopeleka miaka badala ya maji,
kila shamba na zamu yake, nusu saa ya ujana,
na jirani anayeamka alfajiri kuchepusha ya mwenziwe.
Kijana mmoja wa Mabela ana shairi la kiyoyozi
kinachoota theluji ambayo hakijawahi kuiona.
Na Bi Ghaliya, asiyetaka picha yake itoke,
ana hadithi ya mwezi wa pili, mdogo, wa mkopo,
unaopanda juu ya Mutrah deni la mtu likiiva.

Prufu niliisoma mara tatu. Ya nne nilisinzia.
Ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa kwanza:

Mwizi umechomoza.

Herufi moja. E imelala, i imeamka.
Nikasimamisha gari mbele ya duka la halwa lililofungwa,
nikapiga hesabu: kuchapa upya, riali ngapi? Hatunazo.
Kusahihisha kwa kalamu? Nakala mia mbili, mkono mmoja.
Nikampigia Bi Ghaliya, nikatanguliza samahani tatu.
Kimya. Kijiko kikazunguka kikombeni.

"Hebu nisomee sentensi nzima."

Mwizi umechomoza juu ya mlima,
mwembamba, wa manjano, na mbwa wote wamenyamaza.

"Umechomoza? Si amechomoza?"
"Umechomoza, Bi Ghaliya."
"Basi huyo si mtu. Yumo ngeli moja
na mti, na mto, na moto, na mwaka.
Mwizi asiye na mikono. Ngoja: usio na mikono."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Miaka yote hii natafuta kiumbe
ambacho hakuna aliyekitunga,
wewe umekiokota usingizini.
Ole wako ukiguse."

Nikawasha gari. Kwenye mzunguko wa barabara
nikainua macho: nyuma ya mlima, juu ya taa za petroli,
kitu chembamba, cha manjano.
Mkono wenyewe ukaenda mfukoni, kuangalia pochi.

Wiki ya pili ikaja barua kutoka Sumail,
mwalimu mstaafu, mwandiko wa kuchongwa:
*Nimeipenda hadithi. Nina swali moja tu.
Wakichomoza wengi kwa pamoja,
tutawaita wezi, au tutaiita miizi?*

Sijamjibu.
Nimemwachia ukurasa mtupu katika toleo la nane,
na usiku nafunga madirisha,
yale yanayotazama mlimani.