Kuku wa Matoleo

Likizo, tulisema, ni kulala mpaka jua lituchoke.
Lakini Jumapili ya kwanza Bukavu
kengele ilishuka kutoka Kadutu
ikaingia chumbani kwetu bila hodi,
na Mwape, ambaye nyumbani huenda kanisani
kwa harusi na kwa maiti tu,
alikuwa tayari anatafuta soksi.

Tukapanda. Vumbi la Julai,
ngazi za udongo, nyumba zimeegemeana
kama watu waliokesha kilioni.
Nilivaa ndala za ufukweni;
kila mama aliyenipita kwa kisigino kirefu
aliniambia pole.

Benchi la nyuma, tulinong'onezana, karibu na mlango,
tutoke kabla ya matangazo.
Mhudumu mwenye glavu nyeupe hakutusikia,
au alitusikia vizuri sana:
alituongoza mpaka mstari wa pili,
tukakaa mbele ya kwaya kama washtakiwa.

Kisha: wageni wasimame tuwaone.
Tulisimama wanne.
Mwape akataja jina, akataja Lubumbashi,
na kwa kuwa wote walikuwa wakimngoja aendelee
akaongeza kwamba kwetu hakuna ziwa kama hili,
kuna mlima mmoja mweusi, wa mabaki ya shaba.
Wakapiga makofi. Sijui walipigia nini.

Mahubiri yalikuwa marefu, nimeyasahau.
Nakumbuka dirisha lisilo na kioo
na ndani yake kipande cha ziwa
kilichobadilika rangi mara tatu
kabla Mchungaji Namegabe hajafika "na mwisho",
na baada ya "na mwisho", mara mbili tena.

Halafu matoleo. Wenye noti walitia noti.
Wengine walileta shamba lenyewe:
mkungu wa ndizi, maharage ndani ya kofia,
na bibi mmoja, Mama Cibalonza,
kuku mwekundu kwapani,
miguu imefungwa kwa uzi wa mgomba.
Alimsemesha njia nzima mpaka madhabahuni.

Mzee Balagizi akafungua mnada:
"Nani atamkomboa huyu kwa elfu kumi?"
"Mama, ile nkuku iko naniangalia!"
Kaumba alisema kwa sauti yake ya uwanjani,
na kwa ile *nkuku* ya Katanga
kanisa zima likacheka, hata kwaya.
Kumi na tano, akasema mtu. Ishirini.
Mkono wa Mwape ulikuwa juu.
Nilimkanyaga. Ukapanda zaidi.
Thelathini na tano, na kuku akawa wetu,
sisi tusio na jiko, tusio na kisu,
tuliobakiza siku nne na tiketi za ndege.

Nje, bibi alimshika Mwape mikono yote miwili.
"Koko," alisema, "koko bwenene."
Watoto wakacheka, wakidhani anamwiga kuku,
mpaka kijana mmoja akawaambia:
hiyo ni asante, kwa Mashi.
Kisha akabadili lugha, akaja kwenye yetu, polepole:
"Mwanangu Mugisho alikwenda huko kwenu,
kwenye mashimo. Huu mwaka wa sita.
Ana kovu hapa." Akagusa nyusi yake mwenyewe.
"Mkikutana naye."

Mwape angeweza kusema mji ni mkubwa.
Angeweza kusema mashimo ni mengi,
na yapo yasiyorudisha hesabu.
Alitoa kalamu. Akaandika nyuma ya tiketi:
Mugisho. Kovu, nyusi ya kushoto.
Akamsomea, aone kama ameandika sawa.

Usiku kuku alilala bafuni, juu ya taulo la hoteli.
Saa kumi na moja alfajiri akataga,
akaanza kutetea, akatetea,
na chumba cha jirani kikagonga ukuta.
Nilimkuta Mwape ameketi ukingoni mwa beseni,
yai mkononi, bado lina joto,
anamsikiliza kama mtu aliyeitwa shahidi.
"Mwache," aliniambia. "Mwache amalize."