Kiti cha Katikati

Sabufa ilipanda ghorofa sita kwa miguu ya mpwa wangu Radek,
lifti ya jengo letu hapa Łódź ikiwa mbovu tangu Pasaka.
Akaitua, akahema, akasema:
"Shangazi, ipe kona. Kona huongeza besi bure."

Nikaipa kona.
Nikaweka rekodi ya Wacław, ile ya ukumbi wa kiwanda cha nyuzi,
yeye na fidla lake la besi, refu kuliko jokofu,
na besi ikatoka kama mlevi mnene
kwenye harusi asiyoalikwa:
kila noti inavimba, kila noti ni ileile.
Saa tatu kasoro, Leszek wa chini akagonga dari yake kwa fagio.

Nikaisogeza kando ya kabati. Ikakohoa.
Nikaisogeza chini ya dirisha; ikashika adabu,
lakini noti ya chini kabisa,
ule uzi mnene aliouvuta kwa upande wa kidole,
haikunifikia kitini.
Nilijua ipo. Niliijua ilipo
kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani.
Nikashusha mguu.
Nikakanyaga hewa.

Radek akanipa kwa simu hila ya mafundi:
"Ikalishe sabufa mahali pako, kisha wewe tambaa.
Utakapoisikia sawasawa, hapo ndipo pake."
Basi mimi, miaka sitini na saba,
goti moja la kwangu, moja la hospitali,
nikaikalisha kwenye kiti cha Wacław,
nyeusi, ya mraba, isiyosema asante,
nikatambaa.

Sakafu ina habari zake.
Nilikuta kifungo, ganda la lozi,
sarafu ya serikali iliyokwisha kufa.
Nikatega sikio mlangoni, chini ya meza, nyuma ya pazia:
noti zote zilikuja, ile moja haikuja.

Asubuhi nikamwomba Leszek radhi kwenye ngazi.
"Ile nzito ya juzi," akasema, "ilifika mpaka jikoni.
Vikombe viliijua kabla yangu."
Nikavionea wivu vikombe vya jirani.

Nikachukua futi ya cherehani.
Ukuta hadi ukuta, mita nne na kidogo.
Wimbi la noti ile ni mara mbili ya hapo, Radek alishapiga hesabu:
linakwenda, linagonga zege, linarudi,
na katikati kabisa linajikuta lenyewe
likija kinyume,
likajifuta.
Ukutani karamu. Katikati mfungo.

Na katikati ndipo kilipo kiti.
Miaka miwili sijakigusa, eti heshima.
Sabufa nimeitembeza chumba kizima
kama mgeni asiyeonyeshwa pa kulala,
na kosa nimelikalia mimi.

Nilikisukuma hatua moja na nusu, kuelekea dirishani.
Zuliani vikabaki vishimo vinne,
humo rangi bado mbichi kama siku ya kununuliwa.
Sabufa nikairudisha ukutani, kona nikaiachia nafasi ya ndoo.
Nikakaa. Sauti sikuipandisha.

Ikaja kwanza kwenye nyayo,
kisha kwenye mbao, kisha mgongoni,
bila kishindo,
kama mtu aliyerudi na funguo zake mwenyewe.

Leszek hakugonga.
Nikairudia ile sehemu mara tatu, au nne.
Chai ikapoa.