Kadi ya Msimu

Kibanda changu kilikuwa cha bati, chini ya Mlima Isinghu,
kidirisha kama cha banda la kuku, droo ya chenji, muhuri,
na ubao wa bei ulioandikwa kwa rangi ya buluu:
mgeni wa nje, elfu arobaini kupanda kwa kiti cha waya;
Mtanzania, elfu kumi na tano;
mkazi wa kata, elfu nne, kwa uthibitisho.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonipa kazi.

Shangazi Nyemo alikuja siku ya pili baada ya ufunguzi,
kanga kiunoni, vumbi jekundu hadi magotini.
"Nipishe," akasema, "nakwenda kumwangalia mbuzi."
Nikamweleza: njia ya miguu imezibwa kwa seng'enge,
siku hizi mlima una mlango,
na mlango ndio mimi.
Akanitazama kama atazamaye chumvi iliyoingia maji.
"Nilikupandisha mawe haya mgongoni, ukalala,
ukanikojolea. Nilikudai?"
Nyuma yake watumishi wa wizara, raba zao nyeupe,
walianza kukohoa kile kikohozi cha foleni.

Akaenda kuutafuta uthibitisho.
Mtendaji, Bwana Ndahani, alitaka elfu mbili ya barua
na picha mbili ndogo.
Mpiga picha wa pale stendi alikuwa na pazia moja tu:
mlima wa theluji,
miti imechongoka kama penseli,
na watu wawili waliofunga mbao miguuni, wanateleza
kuelekea nje ya pazia.
Akamkalisha hapo. "Usicheke, mama. Hii ni ya serikali."

Basi ndiyo picha iliyo kwenye kadi:
shangazi yangu, kitovu chake kimezikwa hapa,
amethibitishwa kuwa mwenyeji
mbele ya mlima ambao hata jina lake hatulijui.
Nikagonga muhuri. Wino ulimwangukia begani,
karibu na theluji.

Alilipia msimu mzima, laki moja kwa mkazi.
Hesabu yake ilikuwa sawa: kwenda na kurudi, kila wiki.
Fedha aliipata kwa kumuuza
yule mbuzi aliyekuwa akienda kumwangalia.

Alipanda mara moja tu.
Ndala kwapani, macho kayafumba,
mizabibu ya Wazee wa Kanisa ikapita chini ya nyayo zake,
na mji wote wa mabati, ukimetameta, hakuuona.
Aliposhuka akasema, "Nimefika kabla sijaenda."
Kadi akaifunga kwenye pindo la kanga,
wala hakuitaja tena.

Desemba, mvua ya kwanza. Ile inayonusa kabla haijanyesha.
Asubuhi meneja alipiga simu: kabidhi funguo,
kabidhi muhuri, radi na waya havipatani,
tutaonana Juni, Mungu akipenda.
Nilisimama na kifuko changu cha chakula
nikisoma ubao niliokuwa nikiwasomea wengine.
Msimu: Juni hadi Novemba.
Kumbe na mimi nilikuwa na tarehe ya mwisho.

Shangazi akatokea na ungo kichwani.
"Mmefunga?"
"Msimu umekwisha."
Akacheka hadi ungo ukayumba.
"Umekwisha? Mlenda ndio unachomoza!
Ule wenu ni kiangazi kilichovaa tai."

Akakanyaga uzi wa chini wa seng'enge, akainua wa juu
kwa mkono wa mtu aliyezoea kupitisha ndama,
akanisubiri niiname.
Juu yetu viti vitupu vilining'inia, vikidondosha maji
kimoja baada ya kingine.
Sikumbuki tulipumzika mara ngapi. Nyingi.
Pimbi walitoka kwenye nyufa, wakatukagua, wakarudi.

Karibu na kilele tope lilikuwa limetulemea.
Akaketi jiweni, akafungua pindo la kanga,
akaitoa kadi, akajitazama kidogo pale kwenye baridi,
kisha akaanza kukwangulia nyayo zake,
wa kushoto, wa kulia.
"Ngumu," akasema, akiipenda. "Haipindi."
Akaninyooshea.