Nyumba ya Kati

Tuliiuza kwa sababu haikatiki.
Warithi kumi na mmoja: watatu Maskati, mmoja Mombasa
anatengeneza friji, wengine hata sura nimezisahau.
Kadhi akatupigia hesabu, sudusi, thuluthi, thumni,
na thumni ya ngazi ni vidato vingapi?
Mnunuzi alitoka Antwerpi na mkoba mdogo.
Hakubishana bei. Hilo ndilo lililotuuma.

Ufunguo nikabaki nao mimi, kwa mshahara.

Kisha akaja Kadenge, dalali wa Malindi,
na simu na utepe wa kupimia,
nyumba iingizwe mtandaoni, ipangishwe kwa usiku.
"Nitajie vyumba, Bi Zaharia."
Nikamtajia kwa mpango vilivyojengwa.
Daka. Akaandika: mahali pa kuvulia viatu.
Tekani. Hakuandika kitu.
Kiwanda. Ua, jua la asubuhi, kahawa.
Msana wa tini, msana wa yuu:
namba moja, namba mbili, feni, neti.
Ndani, penye zidaka ukuta mzima,
alimokaa mama fungate lake siku saba:
akaandika, kitanda cha mfalme.

"Na hiki cha nyuma, kisicho dirisha?"
Nyumba ya kati.
"Kati ya nini?"
Nilikuwa nafikiri nimjibuje,
naye keshaandika: baridi ya asili, watu wawili.

Bei ya usiku mmoja, elfu kumi na nane.
Mshahara wangu wa mwezi hauvuki hapo.
Wiki ya Maulidi, mara mbili (bei, si mshahara).

Wageni wakaja, wakalala, wakaandika.
Nyota nne: ngazi ni kali, punda hawana adabu.
Nyota tatu: mwadhini hana kitufe cha kupunguza sauti.
Nyota mbili: kuna samaki ndani ya birika la choo!
Antwerpi ikatuma ujumbe, toeni hao samaki.
Nikawatoa.
Ikatuma tena, kwa nini kuna mbu?

Mwezi wa tano, mvua imefunga mji, kalenda nyeupe,
shangazi Mwanatumu akafa kwa kijana wake Langoni,
chumba cha kupanga, choo cha milango sita.
Alikuwa ameshasema, mkono umeshika ushungi wangu:
"Nisioshwe ugenini. Nalizawa umo, nami nitoke umo."
Umo ni mwa mtu, shangazi.
"Ufunguo u kwa nani?"

Usiku ule, kabla ya alfajiri,
wanaume wakampitisha chini ya wikio,
wakamfikisha, wakarudi kuketi dakani, kimya, na viatu vyao.
Tekani ikapinda, ikatusitiri.
Kitanda cha watu wawili tukakisimamisha ukutani
pamoja na taa yake ya kusomea.
Chini ya mkeka wa Kadenge, ule mfereji wa sakafuni
ukayapokea maji bila kusita,
miaka mitano haujaonja kitu.
Mkunazi. Kafuri. Sanda.
Akatoka umo.

Nikapiga deki mara tatu, nikatandika.
Kwenye daftari la matumizi, baada ya sabuni na gesi,
nikaandika: maji, ndoo tisa.
Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi wakashuka wawili, wameloa, na masanduku yao.
Namba moja inavuja. Nikawalaza nyuma.
Waliamka saa nne.
Nyota tano: hatujapata kulala hivi tangu tuoane.
Tena wangependa kujua, ile harufu ya chumbani,
ni mafuta gani, na yauzwa duka lipi.

Kadenge ananipigia tangu juzi.
Anataka jina, aliandike, wengine wataulizia.
Simu nimeiweka kidakani.
Inatetemeka, inasogea kidogo kidogo,
inakwangua chokaa.