Mkono wa Mjozi

Tulifika kumi na mmoja kutoka Vilnius,
sita wa patasi, watano wa pamba,
ndivyo tulivyoitana ndani ya basi usiku kucha:
wao wakatao, sisi tusiothubutu hata kukwangua.
Mwalimu Daiva alilala mdomo wazi, akaivuka Austria yote.

Bohari lilikuwa zamani kiwanda cha tambi,
kando ya mji wa milimani uliobaki nusu,
na ukiinama kwenye pembe bado unanusa unga.
Humo, kwenye rafu za chuma, wamelazwa watakatifu
waliofukuliwa vifusini baada ya tetemeko:
kila mmoja na lebo shingoni, namba, jina la kanisa,
kama watoto waliopotezana na mama zao stesheni.

Nilipewa namba 212.
Bikira wa mbao, kimo cha mtoto wa darasa la tano,
mgongo wake fukusi wameugeuza chujio,
mkono wa kulia unakomea kwenye kifundo.
Donato, fundi mkuu, akanionyesha dawa ya kwanza:
alichovya kijiti cha pamba mdomoni mwake,
akakizungusha taratibu juu ya shavu jeusi.
"Mate," alisema. "Hakuna dawa iliyo pole kuliko mate."
Siku nne nikampaka mate Mama wa Mungu,
kwa adabu zote,
hadi chini ya masizi ya mishumaa kikachungulia
kipande cha uso wa waridi, upana wa kucha.

Sasa Rokas.
Rokas wa patasi, mwana wa mchonga misalaba,
hawezi kuona pengo akalala.
Usiku wa tano aliokota gogo la mjozi kwenye kuni za hoteli,
na asubuhi akaja na kitu ndani ya soksi.

Mkono.
Vidole vimekunjwa kidogo, kama vya mtu
anayepokea chenji bila kuihesabu.
Alipima kwa macho tu. Akauweka kifundoni:
ukakaa.
Hakuna aliyesema. Chanda chema kile, nilitafuta pete.

Donato aliutazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akauondoa.
"Mzuri mno," alisema, nalo likasikika kama shtaka.
"Ufa tunaushikiza, hatuuzibi. Pengo ni lake.
Ukilijaza, unamsemea."
Rokas akajibu kwa Kilituani
neno ambalo Mwalimu Daiva hakulitafsiri.

Alhamisi waliruhusiwa wenye makanisa.
Akaja bibi mmoja, Ersilia, na viatu vyake vya Jumapili,
mjukuu nyuma amembebea kiti cha kukunja,
wametoka kwenye vile vibanda vya muda
vinavyotimiza sasa mwaka wa nane.
Alikaa. Hakusali.
Alinyoosha mkono akashika kile kifundo,
akakisugua kwa dole gumba,
na hapo ndipo nilipoona
nilichokiandika kwenye ripoti "uchakavu, sababu haijulikani":
mbao pale ilikuwa laini kama kokoto ya mtoni.
Mkono mtupu, wanasema, haulambwi.
Huu usiokuwepo ulikuwa umelambwa na kijiji kizima.

"Mama alininyanyua nikashika hapa," alisema, Donato akitafsiri.
"Binti zangu wameshika hapa.
Mkono? Mkono gani?
Huyu hajawahi kuwa na mkono."

Rokas alitoka nje kuvuta sigara.
Rokas havuti sigara.

Bibi, akiinuka, aliuona ule wa mjozi mezani,
umelala chali kati ya brashi na kikombe.
Aliuliza ni wa nani. Tukaangalia sakafu.
Akaushika, siyo kama kifaa,
kama unavyomshika mgeni mlangoni,
akakunja uso: "Ana baridi huyu."
Akautia mfukoni mwa koti na mkono wake mwenyewe ndani,
akaondoka hivyo, mjukuu na kiti nyuma.

Donato hakumzuia.
Kwenye daftari la bohari hakuna kitu kilichotoka siku hiyo.

Ripoti yangu ina mstari mmoja uliofutwa.
Mwalimu Daiva ameuzungushia wino mwekundu:
andika sababu.
Bado sijaandika.